Vumbi la Madawati

Jumatatu, 3 Februari

Hatimaye madawati! Mbao zimeshushwa leo asubuhi nyuma ya darasa langu na shemeji ameanza kazi.

Mkuu wa shule amempa ile stoo iliyopakana na darasa langu, la tatu. Ametoa viti vibovu, akaingiza mashine ya kuchana mbao, ya msasa, na randa zake za mkono alizozifunga kwenye gunia kama mtoto mchanga. Kiwanda cha samani alichokuwa akifanyia kazi kilifungwa mwaka juzi. Tangu hapo alikuwa anashinda uani kwake akinoa vifaa ambavyo havina kazi. Kamati ya shule ilipotafuta fundi, jina lake nililitaja mimi.

Nusu ya watoto wangu wanakaa chini, wanaandikia mapajani. Miandiko imepinda kama njia ya ng'ombe. Leo wote walichungulia mlangoni kuona mbao. Mmoja aliuliza kama dawati lake litakuwa na mahali pa kuweka miguu.

Mke wangu hana la kusema ila kucheka. Ni kaka yake wa pekee, ndiye aliyemlea na kumsomesha. Jioni amesema kaka amepata pa kuamkia.

Jumatano, 5 Februari

Kelele! Ukuta kati ya stoo na darasa haukufika juu. Umeishia usawa wa mlango, halafu ni uwazi mtupu mpaka kwenye bati. Mashine ikilia nanyamaza, ikinyamaza nafundisha. Watoto wameshaizoea kabla yangu.

Shemeji mwenyewe kaona haya. Mapumziko alikuja kuniomba radhi, akasema atakuwa anafunga mlango na dirisha la stoo ili makelele yasitusumbue. Kweli kafunga, na sauti imepungua. Nilimshukuru.

Ni mtu wa hivyo. Hata mlangoni kwangu anabisha mara mbili, na mimi nimemwoa dada yake.

Leo kuzidisha kwa tarakimu mbili. Redio, mmoja wa watoto wangu, alinijibia maswali yangu, ya jirani yake, na ya mtoto aliyekuwa chooni. Tulimbatiza jina hilo mwaka jana, na mwenyewe akiitwa hivyo huitika. Hajui kunong'ona. Akishusha sauti ndiyo nyuma wanasikia vizuri.

Ijumaa, 7 Februari

Vumbi.

Lilikuwepo siku zote, nisiseme uongo. Asubuhi watoto wa zamu wanafagia sakafu kavu, tena ile sakafu yenyewe simenti imebanduka na udongo umejitokeza. Vumbi linapanda, kengele inalia, tunaingia na kuketi ndani yake. Madirisha ya upande wa barabara tunayafunga kwa sababu ya malori. Juu ya hayo chaki yangu, na dasta tunayoikung'uta ukutani mlemle ndani.

Sasa limeongezeka la shemeji. Hili ni laini kama unga. Jua likipenya kwenye matundu ya misumari kwenye bati unaliona limesimama hewani, haliendi popote. Lile daftari la mahudhurio niliacha mezani saa ya mapumziko, niliporudi lilikuwa na rangi ya biskuti.

Watoto wanakohoa. Nimejiambia ni mafua, kila mwaka mwezi huu wanapata mafua.

Jumatatu, 10 Februari

Sijui niliandikeje hili.

Asubuhi nimefundisha vipindi viwili bila kukatizwa. Raha iliyoje. Katika ofisi ya walimu nikamwambia mwenzangu wa darasa la nne kwamba Redio leo betri imeisha, tukacheka.

Mapumziko nilirudi kuchukua chaki. Wote walikuwa nje wanakimbizana. Yeye peke yake yuko ndani. Amesimama, ameshika ukingo wa meza yangu kwa mikono miwili, na mabega yanapanda na kushuka, yanapanda na kushuka, kama anayenyanyua kitu kizito. Kila pumzi ilikuwa na filimbi ndani yake.

Nikamuuliza kama anaumwa. Akatikisa kichwa, maana yake hapana. Hakutaka kupoteza pumzi kwa kusema.

Mtoto alikuwa anatafuta hewa na mimi nilikuwa nafurahia utulivu.

Nilimtoa nje, nikamkalisha kivulini ukutani. Alipumzika mpaka kengele. Nikamtuma dada yake wa darasa la sita ampeleke nyumbani.

Jumanne, 11 Februari

Mama yake Redio amekuja kabla ya kengele, futi ya kupimia nguo bado ipo shingoni. Ni fundi cherehani, ana kibanda karibu na zahanati. Jana alimpeleka. Nesi amesema ni pumu, imekuwa ikimnyemelea, na kuna kitu kinaichokoza. Akauliza maswali mengi: wanapikia nini, wanalala wapi, kuna paka?

Mama akasema amekaa usiku akifikiri. Jumamosi na Jumapili mtoto anaruka kamba mpaka anafukuzwa ndani. Jumatatu jioni kifua kinalia. Jumanne zaidi. Kufika Ijumaa anakula ameegemea ukuta.

"Mwalimu, sikulaumu," aliniambia. "Nakuuliza tu. Humo darasani kuna nini?"

Nilimwonyesha. Aliingia, akatazama juu ule uwazi, akapitisha kidole dirishani. Mashine ilikuwa imeanza upande wa pili. Fundi cherehani anajua vumbi la kitambaa, nadhani alilielewa hili bila mkalimani.

Jumatano, 12 Februari

Asubuhi nimelowesha leso yangu nyeupe, nikaitandaza juu ya kabati la vitabu. Kufika mchana ilikuwa ya hudhurungi. Nilipoikamua ilitoa maji kama chai ya maziwa.

Nikaenda nayo kwa Mkuu. Sikujua atalipokeaje. Mama huyu amepigania yale madawati muda mrefu, ameandika barua mpaka vidole vikaota sugu. Hakubishana. Alikuja mwenyewe darasani, akavua viatu, akapanda juu ya meza yangu mbele ya watoto, akapapasa juu ya ukuta. Akashuka akautazama mkono wake. Halafu kwa kusahau akaufuta kwenye sketi yake ya bluu, na watoto wakaguna.

Tatizo hakuna chumba kingine. Darasa la kwanza wamebanana kama njiti za kiberiti, la tano wanapokezana. Akisimamisha kazi, mbao zitakaa, mvua zitakuja, na waliokaa chini watabaki chini. Ameniomba nimpe mpaka wiki ijayo atafute njia. Macho yake yalikuwa yamechoka. Nilimhurumia kuliko nilivyotarajia.

Ninachoweza nimeanza. Redio nimemhamishia karibu na mlango. Dasta inakung'utwa nje, tena mbali. Na watoto wa zamu lazima wanyunyize maji kabla ya kufagia. Leo walimwaga ndoo nzima, tukasoma historia juu ya tope. Wamefurahi sana.

Alhamisi, 13 Februari

Nimezungumza na shemeji.

Nilingoja azime mashine. Kwanza kufungua mlango wa stoo — sikuona mtu! Nikaona ukungu, na ndani yake kivuli kinapangusa ubao. Nyusi zake nyeupe, kope nyeupe, leso imefungwa puani. Kumbe kule kufunga mlango na dirisha kwa ajili yetu ndiko kumelisukuma vumbi lote lipande juu na kutushukia sisi. Na yeye kashinda humo ndani siku zote hizi. Kwa heshima yetu!

Nikamweleza taratibu. Mtoto, nesi, leso. Alisikiliza mpaka mwisho, huku akizungusha penseli kwenye vidole. Nilidhani atakasirika. Afadhali angekasirika.

"Shemeji, unataka niache?"

Nikasema hapana, nikasema labda, nikasema Mkuu anatafuta njia. Akaitikia, akasema sawa, leo atafanya kazi za mkono tu. Alasiri yote nilisikia randa. Hakuna kelele. Ingekuwa heri kelele.

Nyumbani habari zilikuwa zimetangulia. Mke wangu hakuniacha nimalize. Amesema watoto wanakohoa tangu dunia iumbwe, na mimi nimemtafutia kaka yake kazi kwa mkono wa kulia, nataka kumnyang'anya kwa wa kushoto. Amepakua chakula, chake amekula jikoni.

Sina hakika kwamba amekosea.

Ijumaa, 14 Februari

Niandike kwa mpangilio, jinsi ilivyotokea.

Kipindi cha pili. Mashine zilikuwa zimezimwa, kulikuwa na randa tu. Nilidhani tuko salama. Lakini upepo uliingia mlangoni, mkali, ukapiga juu ya ule ukuta na kuangusha vumbi lote lililojikusanya kule tangu wiki iliyopita. Lilishuka kama pazia. Watoto walicheka mwanzoni, wakafumba macho, wakajifunika kwa madaftari.

Nilipofumbua macho Redio alikuwa magotini mlangoni. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Shingoni pameingia shimo kila akivuta hewa, na hewa haiji. Ile filimbi haikuwepo tena. Kimya! Nikapiga kelele, sikumbuki nilisema nini.

Shemeji alitokea. Alinisikia kupitia ule uwazi wa juu. Hakuuliza kitu, alimwinua mtoto, akamweka begani wima ili apumue, akakimbia. Mtu wa umri ule! Mimi nilikuwa nyuma yake na sikumpata. Tulivuka barabara ya malori, yeye amenyoosha mkono mmoja kusimamisha magari. Lori moja lilifunga breki mpaka likayumba. Tukapita mbele ya kibanda cha mama yake. Nilisikia cherehani inasimama, halafu viatu nyuma yetu.

Nesi alimvalisha kifuniko cha dawa ya mvuke mdomoni na puani. Tulisimama watatu tukitazama kifua kile kidogo. Mama alikuwa anahesabu pumzi kwa sauti, kama anahesabu vifungo. Muda ulipita. Rangi ikaanza kurudi midomoni. Mama akakaa sakafuni palepale.

Ndipo nesi akageuka akamtazama shemeji. Alikuwa ameinama, mikono miwili ukutani, anakohoa kikohozi ambacho sijapata kukisikia, kirefu, kikavu, hakina mwisho. Nesi akamuuliza kimemwanza lini. Akasema ni mbio tu, mwanangu, uzee. Nesi hakucheka. Alimwandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa kupiga picha ya kifua. Shemeji aliikunja, akaitia mfukoni mwa shati, akaenda zake kuzima taa ya stoo.

Jumamosi, 15 Februari

Redio alilala zahanati, ameruhusiwa mchana. Amepewa pampu ya kuvuta. Yuko hai. Leo sina zaidi.

Jumapili, 16 Februari

Shemeji alikuja kula nasi kama kila Jumapili. Mke wangu hajaniambia maneno kumi tangu Alhamisi, ila alinipa paja la kuku, kwa hiyo sijui nisimame wapi.

Katikati ya chakula kikohozi kilimshika shemeji. Alijaribu kukimeza na maji. Kikamshinda. Akatoka nje, akafunga mlango nyuma yake kama kawaida yake, asitusumbue. Tulibaki tunasikiliza. Mke wangu aliweka kijiko chini. Alimtazama kaka yake aliporudi, macho mekundu, anatabasamu, anasifu mchuzi.

Nikamwambia kuhusu ile karatasi ya nesi. Shemeji akanikata jicho. Nilijua nimevunja kitu kati yetu, lakini ningefanyaje?

Mke wangu hakupaza sauti. Alimuuliza, "Kaka, tangu lini?"

Akasema tangu kiwandani. Kule walikuwa wengi wenye kikohozi, hakuna aliyekiita ugonjwa. Walikuwa wanataniana, asiyekohoa ni mgeni.

Alipoondoka mke wangu alikuja kuketi pembeni yangu. Baadaye akaniuliza yule mtoto anaendeleaje.

Jumatatu, 17 Februari

Siku njema. Niiandike vizuri.

Tulipofika shuleni stoo ilikuwa tupu! Shemeji amekuja alfajiri, yeye na mlinzi wamezitoa mashine zote, wamezipeleka ng'ambo ya uwanja, mwisho kabisa, upande ambao upepo unatoka kwetu kwenda mashambani. Mkuu amempatia waya mrefu wa umeme. Juu ameinua nguzo nne za mabaki na kufunga turubai. Alimwambia Mkuu mvua ikija atafunika mashine na kusubiri. Mkuu amekubali kwamba madawati yatachelewa. Naona alisema hilo kama mtu anayetua mzigo.

Mchana mama yake Redio alikuja na bunda la magunia aliyoyaunganisha kwa cherehani, mishono mikubwa, pindo mbili. Tulipanda juu, tukaziba ule uwazi kutoka ukuta mpaka batini. Wazazi wengine wanne walikuja na ndoo na matambara. Tukafuta ukuta, boriti, kabati, kila kitu kwa kitambaa chenye maji. Maji tuliyomwaga nje yalikuwa supu. Nimefungua madirisha ya upande wa uwanja, hayajafunguliwa tangu niletwe shule hii, moja lilinibakia mkononi.

Baba mmoja aliuliza kwa nini fundi asifukuzwe tu, ametuletea balaa. Mama yake Redio alikuwa juu ya ngazi na sindano mdomoni. Aliitoa.

"Huyo ndiye aliyembeba mwanangu," alisema, akarudi kushona.

Yule baba akachukua ndoo.

Jumatano, 19 Februari

Redio amerudi. Amekonda kidogo. Pampu yake imo kwenye mfuko alioshonewa na mama yake, wa maua, anauvaa shingoni. Wenzake wote sasa wanataka pampu. Niliwaeleza inafanya nini, na kwamba si ya kuchezea, na mtu akiona mwenzake anavuta hewa kwa mabega aniite mara moja hata kama nafundisha. Hasa kama nafundisha.

Kipindi cha tatu alinisahihisha hesabu ubaoni. Alikuwa amepatia.

Vumbi halijaisha. Sakafu ni ileile, malori ni yaleyale. Darasa la kwanza wako upande wa barabara na wao hakuna aliyewaletea magunia. Mwalimu wao ameazima leso yangu leo. Hakuniambia ya nini, na sikuuliza.

Shemeji hakuja kazini. Mlinzi anasema alifika, akashindwa kuinua ubao, akakaa juu yake, halafu akarudi nyumbani kwa miguu akipumzika njiani. Mke wangu amekwenda kwake. Amesema kesho kutwa tunampeleka hospitali, atake asitake, na Mkuu ameniruhusu.

Ijumaa, 21 Februari

Naandikia hapa kwenye benchi la hospitali, ukumbi umejaa. Tumefika mapema. Shemeji alivaa shati lake la kanisani akakataa kushikwa mkono, lakini kwenye ngazi alisimama mara mbili akajifanya anasoma matangazo ukutani.

Tulipokuwa tunangoja alinieleza jinsi ya kumalizia yale madawati. Miguu ikatwe kwa mshazari, ile mbao ya juu isipigiwe misumari kabla haijakauka. Nikamwambia atamalizia mwenyewe. Akasema ndiyo, lakini nisikilize. Nikasikiliza. Akasema pia msasa utumike wenye maji, vumbi lisipande. Alikuwa anajua siku zote kwamba inawezekana, ila inachelewesha, na kiwandani hakuna aliyewahi kuwaruhusu kuchelewa.

Picha imepigwa. Walimwita tena ndani, muda kidogo uliopita. Alimwachia mke wangu shati, ameambiwa avue juu. Mke wangu alilinyanyua kulikung'uta, mazoea tu. Akawatazama watu waliojaa benchini na vifua vyao. Akalishusha, akalikunja pole pole jinsi lilivyo, akaliweka mapajani.

Sasa muuguzi ametoka. Anauliza ndugu wa fundi ni nani. Tumesimama wote wawili. Anasema daktari anataka mtu mmoja, anayejua mgonjwa alikuwa anafanyia kazi mahali pa namna gani. Kama palikuwa na madirisha. Kama yalikuwa wazi.

Nimemtazama mke wangu.

"Ingia wewe," ameniambia. "Usiwafiche kitu."

Ameketi tena na lile shati. Mlango bado uko wazi, muuguzi ameushikilia kwa mguu. Naingia.